Mishale mitatu ya dashibodi, magonjwa matatu

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, naishi Tabata. Mshale wa joto unakaa chini kabisa hata kwenye foleni ya mchana, lakini nikipiga dashibodi kwa kiganja unapanda hadi karibu na katikati. Nikipita kwenye shimo unashuka tena. Wa mafuta unagandia kwenye robo. Juzi niliweka lita 20 ukabaki palepale mpaka kesho yake, na huo hata nikipiga haujali. Wa mizunguko ya injini nao ukipanda unagandia kwenye 3 kama gari lilikuwa juani, jioni unarudi sawa. Fundi mmoja anasema geji zimekufa, ninunue dashibodi nzima ya mtumba Ilala. Mwingine alitaka apulizie WD-40 ndani. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue na usipulizie chochote kwanza. Umeeleza vizuri kuliko wengi, na maelezo yako yenyewe yanaonyesha kuwa mishale hii haigandi kwa namna moja. Wa joto unaanguka chini na kuamka kwa kofi. Wa mafuta unasimama mahali pamoja na kofi haliugusi. Wa mizunguko unategemea jua. Kila mmoja una ugonjwa wake, na nina hakika kabisa kwamba angalau mmoja hauko ndani ya dashibodi.

Kabla ya bisibisi, tulizungumze joto, maana hapo ndipo injini inapofia. Kuanzia leo mpaka umalize kazi hii, hesabu kwamba gari lako halina geji ya joto. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta uone maji kwa macho. Usitosheke na kidumu cha akiba pembeni, kwa sababu kidumu kinaweza kuwa kimejaa na rejeta ikawa imepungua. Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni hili: sensa ya joto inasoma maji yanayoigusa. Maji yakiisha, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati silinda hedi inaungua. Kwa hiyo ukiwa kwenye foleni ya Ubungo au Tazara ukaona mshale uliokuwa katikati umeanguka ghafla, usifurahi. Sogea pembeni, zima injini, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka upoe. Gasketi ya silinda hedi ikishaungua, gharama yake haifanani hata kidogo na ya kutengeneza geji.

Jambo la pili kabla ya kulaumu mshale: je, gari lako lina themostati, kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini? Hapa Dar mafundi wengi huitoa kwa hoja kwamba mji ni wa joto. Si hoja nzuri. Themostati ya injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka na kuishikilia hapo. Ikitolewa, ukiwa barabara ya Bagamoyo usiku upepo unaipoza injini kupita kiasi, mshale unakaa chini, na unasema kweli. Ukiingia kwenye foleni unapanda. Lakini wako unakaa chini hata kwenye foleni na kuamka kwa kiganja, kwa hiyo themostati si jibu la swali lako. Hata hivyo hakikisha ipo, la sivyo utatengeneza geji kisha uendelee kuishangaa.

Sasa tuelewane geji hii inavyofanya kazi, kwa sababu ukiielewa, vipimo vitakuja vyenyewe. Kwenye Toyota za rika la gari lako, kila mshale umekaa juu ya sumaku ndogo ya mviringo. Sumaku imezungukwa na koili zilizopishana kama msalaba. Umeme ukibadilika kwenye koili, sumaku inageuka na mshale unaifuata. Geji za mafuta na joto zina mafuta mazito ya silikoni kwenye ekseli, yanayoufanya mshale utembee polepole na usichezecheze kila boya la tenki linapoyumba. Ndiyo maana kwenye Toyota nyingi za wakati huo ukizima swichi mshale wa mafuta unabaki ulipokuwa. Hiyo si hitilafu, na kuna watu wametozwa hela kwa ajili yake. Nguvu ya sumaku ile ni ndogo mno. Unywele mmoja, vumbi lililoshikana au uso wa geji (bamba lenye namba) uliovimba kidogo unatosha kuuzuia mshale.

Kipimo cha kwanza kinafanyika nje ya dashibodi, na kinahitaji taa ndogo ya wati 3.4, ile ya kuchomeka inayotumika ndani ya dashibodi, na vipande viwili vya waya. Kwenye injini tafuta sensa ya joto yenye waya mmoja tu. Usiichanganye na yenye waya mbili, hiyo inapeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini na haihusiani na mshale. Injini ikiwa baridi, chomoa ule waya mmoja. Fungua swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Mshale unatakiwa uwe chini kabisa. Kisha unganisha waya huo na bodi ya injini kwa kupitia ile taa. Usiunganishe moja kwa moja: taa ndiyo inayopunguza umeme usiunguze geji, hasa kwenye magari ya zamani zaidi yanayotumia geji za kupashwa moto. Taa itawaka hafifu, ikinge jua kwa kiganja uione. Mshale utaanza kupanda taratibu kuelekea kwenye H. Mpe muda, yale mafuta ya silikoni hayana haraka.

Ukiwa bado umeunganisha hivyo, mtu mwingine aketi ndani na kupiga dashibodi kama unavyoipiga wewe. Taa ndiyo shahidi wako. Taa ikizimika au kufifia kila anapopiga, umeme unakatika njiani: soketi nyuma ya klasta (kasha lenye geji zote), skrubu iliyolegea au lehemu iliyopasuka. Taa ikiendelea kuwaka vilevile huku mshale umeganda, basi mshale unasuguana na kitu. Na mshale ukipanda na kushuka vizuri bila kujali makofi, geji yako ni nzima na ubaya uko kwenye sensa au waya wake.

Kwa dalili ulizoandika, natarajia taa itazimika. Mshale unaosuguana husimama popote ulipokwama na kila kofi huusogeza hatua ndogo. Wako unaanguka mpaka chini, na chini ndipo unapokwenda mzunguko wa umeme ukikatika. Kisha kofi moja linauamsha na unapanda wote. Hiyo ni dalili ya mguso mbovu.

Kutoa klasta si kazi kubwa. Ondoa waya hasi wa betri, na kama usukani una eabegi subiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Shusha usukani hadi mwisho, tandika kitambaa juu yake, toa fremu ya plastiki inayozunguka geji, kisha skrubu zinazoshika klasta. Ivute kidogo kwako, ingiza mkono nyuma na ubonyeze ulimi wa kila soketi. Usivute waya. Plastiki ya umri huu imekauka na ulimi unakatika kama biskuti.

Geuza klasta uitazame mgongoni. Klasta nyingi za rika hili zina karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, na geji imefungwa kwa skrubu ndogo zinazopita kwenye karatasi hiyo. Skrubu hizo zinafanya kazi mbili: zinaishika geji na zinapitisha umeme wake. Kwenye mji wenye hewa ya chumvi kama huu, na zaidi kwa magari yanayolala Kigamboni, Kunduchi au Mbezi Beach, kati ya skrubu na shaba hujengeka utando mwembamba wa kutu. Ukiangalia kwa karibu utaona shaba imekuwa nyeusi au na ukijani kuzunguka kichwa cha skrubu. Legeza skrubu moja, sugua shaba kwa kifutio cha penseli mpaka ing'ae, futa vumbi lake, irudishe, kisha nenda kwenye nyingine. Moja baada ya moja, usizitoe zote kwa pamoja, maana geji itahama na mshale utaanza kugusa uso. Kaza mpaka ishike tu. Ukilazimisha, uzi wa ndani unachanika na hapo ndipo utakapohitaji mtumba kweli. Kifutio hichohicho kipitishe kwenye meno ya shaba yanayoingia kwenye soketi.

Kama baada ya hapo taa bado inafifia kwa kofi, kagua waya hasi wa klasta. Hasi mbovu kwa kawaida huwasumbua mshale wa joto na wa mafuta kwa pamoja, na wako wanafanya mambo tofauti, kwa hiyo siupi nafasi kubwa. Bado kipimo chake ni cha dakika moja: weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa pini ya hasi ya soketi na bodi ya gari. Inatakiwa isome karibu na sifuri.

Na ikiwa kipimo cha taa kimekurudisha kwenye sensa, kumbuka kwamba sensa ya waya mmoja inapata hasi yake kupitia nyuzi za bolti. Mtu akiizungushia tepu nyeupe ya mabomba mara nyingi, anaitenga na injini na mshale hautapanda ipasavyo. Sensa nzima husoma mamia ya omu ikiwa baridi na kushuka hadi makumi ikiwa moto. Itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayopashwa, mita ikiwa imeunganishwa, uone omu zinavyoshuka. Zinatakiwa ziteremke bila kuruka.

Mshale wa mafuta ni habari nyingine. Kwenye Corolla nyingi ukinyanyua kiti cha nyuma utaona mfuniko, na chini yake soketi ya pampu na boya. Rudia kipimo cha taa kwenye waya wa boya: soketi ikichomolewa mshale uende E, ukiunganisha kupitia taa uende F, taratibu, hata ukichukua dakika mbili. Ukifika bila kukwama, geji haina kosa. Kofi lako halikuusaidia, na hilo linanionyesha boya.

Ndani ya tenki boya linapanda na kushuka likisukuma kidole cha chuma juu ya njia ya kaboni. Tenki likijaa, boya za Toyota za wakati huo husoma chini ya omu 5 hivi, na likiwa tupu takriban 110. Sasa fikiria gari linalowekwa mafuta ya elfu kumi kila asubuhi. Kidole kile kwa miaka mingi kimetembea kwenye robo ya chini tu, kikikwangua palepale, huku sehemu ya juu ikikaa bila kuguswa na kufunikwa na utando wa mafuta yaliyokauka. Siku unayoweka lita 20 kwenye tenki la lita 50, kidole kinaingia kwenye eneo ambalo halijaguswa muda mrefu, mkono wa boya unakaza, na mshale unabaki robo.

Kulitoa boya kunahitaji adabu. Tenki liwe chini ya nusu, betri imeondolewa, gari liko nje penye upepo, hakuna sigara, jiko wala grenda jirani. Safisha udongo wote juu ya mfuniko kabla ya kufungua, usianguke ndani. Likishatoka, weka mita kwenye omu na unyanyue mkono wa boya polepole kutoka chini hadi juu. Namba zinatakiwa zishuke kwa utaratibu. Zikiruka au mita ikionyesha mzunguko umekatika, umepata mahali penyewe. Futa njia ya kaboni kwa kitambaa laini chenye alkoholi, usitumie msasa hata ule laini, kisha kiinamishe kidole kidogo sana kibonyeze vizuri. Kama kaboni imeliwa mpaka kuna mfereji unaouona kwa macho, nunua boya. Litikise pia sikioni: likiwa na mafuta ndani limetoboka na linazama. Ukirudisha, weka gasketi mpya na uhakikishe mkono wa boya haugusi pampu wala ukuta wa tenki.

Unabaki mshale wa mizunguko, na huu ndio pekee ninaoamini unakwama kwa maana halisi ya neno. Gari likiegeshwa juani saa sita, dashibodi inapata joto kali, mshale wa plastiki unalegea na kupinda, au uso wa geji unavimba. Jioni vinapoa na mshale unapita. Ondoa kioo cha plastiki cha mbele, inamisha klasta usawa wa jicho kama fundi seremala anavyotazama ubao, na umfuate mshale kutoka kitovuni hadi nchani. Kati yake na uso inatakiwa ionekane nafasi sawa kote, angalau milimita moja. Mara nyingi utakuta ncha imeinama, na kwenye uso kuna mstari hafifu unaong'aa mahali inapokwangua, karibu na 3 kwa gari lako. Mshale uliopinda unapashwa kwa blo ya saluni kwenye moto mdogo, kwa umbali wa shubiri, na kunyanyuliwa kwa kidole mpaka unyooke, kisha unashikwa hivyo mpaka upoe. Uso uliovimba unabandikwa upya pale ulipoachia.

Usiung'oe mshale kama unaweza kumaliza kazi bila kuung'oa. Geji ya sumaku haina mahali pa kujirudisha yenyewe umeme ukizimwa, kwa hiyo ukiutoa na kuurudisha kwa kukadiria, utasoma uongo kila siku. Kama hakuna njia, kwanza washa gari, andika mshale unasoma ngapi injini ikiwa imetulia, na ubandike tepu ya karatasi kwenye uso kuweka alama. Ng'oa kwa vijiko viwili vya chai vilivyozungushiwa tepu, kimoja kila upande, juu ya kadi nyembamba. Unaporudisha usiubonyeze hadi mwisho: kitovu kinachogusa uso ni ugonjwa uleule tena.

Kioo safisha kwa maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha kiache kikauke chenyewe. Ukikisugua kwa kitambaa kikavu kinajaa umeme tuli na kuvuta mishale. Petroli na thina vinakipasua.

Hapo ndipo inapoingia WD-40. Mafuta yanayopuliziwa hayaendi kwenye ekseli peke yake. Yanatambaa juu ya uso na kuacha madoa, yanachanganyika na silikoni, yanakusanya vumbi, na baada ya muda yanakuwa gundi. Mshale wa mafuta au joto uliopoteza silikoni yake utacheza kama mkia wa mbuzi, na kurudisha kiasi sahihi ni kazi ngumu kuliko zote nilizotaja. Fundi akishika kopo lile mbele ya klasta, mzuie.

Klasta ya mtumba ni ya mwisho, na hata hapo nunua kwa ajili ya kutoa geji moja tu uihamishie kwenye yako, ili namba za kilomita za gari lako zibaki za kweli. Soketi zifanane, na kama gari lako ni otomatiki, klasta iwe ya otomatiki, vinginevyo taa za gia hazitakuwepo. Muuzaji akiruhusu, itazame kwa usawa wa jicho kama nilivyoeleza, maana nyingi nazo zimekaa juani mezani.

Kwa wasomaji wenye Land Rover 109 au Corolla za zamani zenye waya wa spidi unaozunguka: mshale wa spidi unaogandia juu mara nyingi umeshikwa na grisi iliyopanda na waya hadi kwenye kichwa cha geji na kukauka humo. Kisafishwe kichwa, na waya upakwe grisi kuanzia chini tu, sentimita 20 za juu ziachwe kavu. Mshale wa spidi unaotetemeka ni waya uliojikunja njiani au uliokauka. Na kwenye 109, mafuta na joto vikisoma vibaya kwa pamoja, pima kwanza kidhibiti cha volti 10 nyuma ya geji kabla ya kugusa sensa.

Ukimaliza, rudisha soketi zote, unganisha betri na ufungue swichi: taa za onyo za oili, chaji na eabegi ziwake kama zamani kabla hujafunga skrubu ya mwisho. Kisha washa injini na uiache mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe, kwenye nyuzi 90 na kitu. Wakati huo mshale wa joto unatakiwa uwe umetulia karibu na katikati. Piga dashibodi kwa kiganja kama ulivyozoea, usogee usisogee.